Emin Pasha: Mbatizwa wa Kilutheri katika Njia ya Ugogo

Katika kitabu cha miaka mia si kawaida kumpa nafasi mtu ambaye hakuhubiri wala kujenga kanisa. Hata hivyo tumeona vema kumtaja Emin Pasha, kwa kuwa alibatizwa Mlutheri, akaivuka nyanda ya kati ya nchi yetu mara mbili, na mara ya pili alikuwa amebeba bendera ya Ujerumani. Wapo wanaodhani kwamba bendera ile na Injili vilifika kwa msafara mmoja. Maisha yake yanaonyesha vinginevyo.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 huko Oppeln, Silesia, katika familia ya Kiyahudi, akaitwa Eduard Schnitzer. Baba alipofariki, mama yake aliolewa na Mkristo, na watoto wakabatizwa katika Kanisa la Kilutheri. Alisomea udaktari, lakini alinyimwa kibali cha kutibu Ujerumani, akaenda kuwatumikia Waturuki. Akiwa Sudan alijiita Emin na kuishi kwa desturi za Kiislamu. Kama aliuacha ubatizo wake moyoni, hilo tunamwachia Mungu.

Mwaka 1878 Gordon alimfanya gavana wa Jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan. Vita vya Mahdi vilimtenga na ulimwengu, hata Stanley akatumwa kumwokoa. Msafara wao ulipita Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kwa njia na maji (haki yao katika nchi kame, ingawa wasafiri wa Ulaya waliiita unyang'anyi), ukafika Mpwapwa Novemba 1889. Walikuta ngome mpya ya Wissmann. Kituo cha wamisionari wa Kianglikana kilikuwa kimechomwa mwaka huohuo katika vita vya Bushiri. Huko Bagamoyo, katika karamu ya kumpongeza, Emin, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu mno, alianguka kutoka dirishani, nusura afe.

Alipopona aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akaondoka pwani tarehe 26 Aprili 1890 pamoja na Dkt. Stuhlmann. Mwezi Juni, pale pale Mpwapwa, alikutana na Carl Peters, ambaye naye alikuwa ametoka kwao kwa shabaha ya kumwokoa Emin! Njiani Peters alikuwa amepigana na Wagogo na kuchoma vijiji vyao. Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya Ujerumani waliyoiona wengi wa babu zetu, na wamisionari wa Leipzig waliofika Iramba kabla ya Vita ya 1914 waliurithi uchungu wake.

Emin aliendelea hadi Tabora, akapandisha bendera mwezi Agosti kinyume cha maelekezo ya Wissmann, kisha akaanzisha kituo cha Bukoba. Lakini tangu tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekwisha kugawana nchi kwa mkataba, wala wenyeji hawakuulizwa. Aliitwa arudi pwani, akakataa, akaelekea magharibi. Ndui ilipoushambulia msafara wake, aliwatuma wazima warudi na Stuhlmann, naye akabaki na wagonjwa. Mnamo Oktoba 1892, mashariki mwa Kongo, alichinjwa kwa amri ya Kibonge.

Binti yake Ferida, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi, alilelewa Ujerumani na shangazi yake.