Augustino: Mwana wa Afrika aliyesumbuliwa na swali la uovu

IKIWA Mungu ni mwema na mwenye uwezo wote, uovu hutoka wapi? Swali hili limewakosesha watu usingizi tangu jadi, lakini ni wachache waliolibeba maishani kama Augustino, mwana wa Afrika Kaskazini aliyekuja kuwa Askofu wa Hippo.

Augustino alizaliwa Novemba 13, 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Eneo hilo lilikuwa chini ya himaya ya Roma. Mamake, Monika, alikuwa Mkristo mcha Mungu ilhali babake, Patricius, hakubatizwa hadi alipokaribia kufa. Hawakuwa matajiri, lakini walijinyima ili kijana wao asome.

Akiwa na umri wa miaka 16, Augustino na wenzake walivamia mti wa jirani usiku na kuiba mapeasi. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake cha Maungamo, alikichambua kisa hicho kwa kina. Kilichomtisha ni kwamba mtu aweza kutenda ubaya bila kutarajia faida, kwa kuupenda ubaya wenyewe.

Alipokwenda Carthage kusomea ufasaha wa lugha, alijiunga na wafuasi wa Mani, nabii wa Uajemi. Hao walifunza kwamba kuna milki mbili zinazopigana tangu milele, Nuru na Giza, na kwamba uovu wote hutoka Gizani. Jibu hilo lilimwondolea Mungu lawama, lakini pia lilimpokonya uwezo wake. Isitoshe, lilimruhusu mtenda dhambi kudai kwamba si yeye aliyekosa.

Augustino aliwafuata kwa takriban miaka tisa. Katika kipindi hicho, rafiki yake wa dhati alifariki kwa homa mjini Thagaste, na majonzi yakamfanya auhame mji huo. Naye Faustus, mwalimu mashuhuri wa kundi hilo, alipowasili Carthage, alishindwa kuyajibu maswali yake.

Mnamo 383 alivuka bahari hadi Roma, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa mwalimu mjini Milan. Huko alisikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosi na kusoma vitabu vya wafuasi wa Plato, na hapo fikra zake zikageuka. Aling'amua kwamba uovu si kitu kilichoumbwa, bali ni upungufu wa wema. Alitoa mfano wa kidonda: hakiwezi kuwapo pasipo mwili, na kikipona hakihamii mahali pengine, bali hutoweka. Kila kilichoumbwa ni chema. Huharibika pale kiumbe mwenye hiari anapompa Mungu kisogo na kuandama kilicho duni.

Alibatizwa na Ambrosi wakati wa Pasaka ya 387, pamoja na mwanawe, Adeodatus. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka huo huo Monika aliaga dunia katika bandari ya Ostia wakisubiri kurejea Afrika. Adeodatus naye alifariki baada ya miaka michache, akiwa bado kijana.

Mnamo 391, waumini wa Hippo walimshika Augustino na kushinikiza afanywe kasisi, huku akitokwa na machozi. Muda si mrefu alikuwa askofu wao, na maswali ya falsafa yakawa maswali ya waja waliobisha hodi mlangoni pake.

Agosti 410, majeshi ya Wagothi yakiongozwa na Alaric yaliteka nyara mji wa Roma kwa siku tatu. Wakimbizi walimiminika Afrika, na wengi wakauliza kwa nini Mungu hakuwalinda waja wake. Augustino alijibu kwa kitabu cha Mji wa Mungu, chenye sehemu 22, alichoanza mnamo 413. Alieleza kwamba masaibu huwapata wema na waovu kwa pamoja, na kinachowatofautisha ni namna wanavyoyapokea: moto ule ule hung'arisha dhahabu na kufukiza makapi.

Hata hivyo, mateso ya watoto wachanga yalimtatiza. Katika barua kwa msomi Jerome, alikiri kwamba suala hilo lilimsumbua mno. Jibu lake, kuwa binadamu wote hurithi dhambi ya Adamu, lilipingwa vikali na Julian, Askofu wa Eclanum, aliyeona kwamba Mungu mwenye haki hawezi kumwadhibu asiyetenda kosa. Mjadala huo ulikuwa ungali moto Augustino alipofariki, na hadi leo haujapoa.

Mnamo 430, Wavandali waliotokea Uhispania waliuzingira Hippo. Akiwa mgonjwa kitandani, mzee huyo aliagiza zaburi za toba zibandikwe ukutani ili azisome akilia. Aliaga dunia Agosti 28, 430, akiwa na umri wa miaka 75, adui wangali nje ya kuta.

Hippo, ambao leo ni Annaba, ulitekwa baadaye, lakini maandishi yake yalinusurika. Jina lake limepewa pia chuo kikuu kilichoko Mwanza, Tanzania. Na kila anayefiwa akauliza Mungu alikuwa wapi, hurudia swali ambalo Augustino hakuliepuka maisha yake yote.