Mzee wa Skafu Aliyelala Nyeri

Ndugu zangu, mliozoea kurasa hizi najua mnategemea Nkrumah au Mwalimu Nyerere. Mara hii nawaletea Mzungu, tena askari wa mkoloni. Sababu ni moja tu: baadhi yetu hapa tuna watoto wadogo, na watoto hao wanatoka shule na karatasi za kuwaalika wajiunge na skauti. Wazazi wananiuliza, kwani chama hiki ni cha nani? Basi tumjue mwenyewe.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 3, akalelewa na mama, Henrietta Grace. Shuleni Charterhouse alipenda kujificha kwenye msitu wa karibu kuliko kukaa na vitabu. Mwaka 1876 akaingia jeshini, akapelekwa India.

Kwetu Afrika hakuja kutalii. Mwaka 1896, Waafrika wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe walipowapigania walowezi ardhi yao, aliidhinisha chifu Uwini apigwe risasi, ilhali ameshakamatwa. Uchunguzi ulifanyika, akaachiwa. Kisha ikaja Mafeking, Afrika Kusini, mji uliozingirwa na Makaburu siku 217, Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Yeye alitoka pale shujaa wa Uingereza, lakini Waafrika wa mji ule walipewa chakula kidogo kuliko Wazungu, na wengi walikufa. Haya si ya kufichana.

Hukohuko Mafeking, afisa wake Edward Cecil aliwavisha wavulana sare na kuwatuma kupeleka barua. Baden-Powell akaona jambo: mtoto ukimwamini ukampa kazi ya kweli, anaifanya. Agosti 1907 alichukua wavulana kama 20 hadi kisiwa cha Brownsea, wa matajiri na wa vibarua, akawachanganya kwenye vikundi vya pamoja. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake, na vikundi vikazuka kila mahali.

Sasa sikilizeni sehemu inayonifurahisha. Chama kilikuwa cha wavulana waliokwisha pata akili. Wasichana wakajileta wenyewe kwenye mkutano wa Crystal Palace mwaka 1909, tena na sare zao. Mwaka 1910 wakapata Girl Guides, na dada yake Agnes akawasimamia. Wadogo nao hawakukubali kuachwa nyumbani, wakawaganda kaka zao, mpaka mwaka 1916 mzee akawaanzishia Wolf Cubs, akiazima mbwamwitu wa hadithi za Kipling. Yaani nusu ya chama hiki kimejengwa na watoto wasiotaka kuachwa nyuma!

Kenya skauti ilifika mwaka 1910. Leo wadogo wa huko hawaitwi mbwamwitu, wanaitwa Sungura, yule mjanja wa hadithi za bibi. Mimi mwenyewe nilikuwa Sungura. Nilijifunza kufunga fundo, kuchemsha uji juu ya mafiga, na kutomcheka mwenzangu asiye na viatu. Shati letu lilikuwa moja, mtoto wa meneja na wa mama muuza mboga.

Mwaka 1938 mzee alihamia Nyeri na mkewe Olave, katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Alifariki hapo tarehe 8 Januari 1941, umri miaka 83. Kaburini kwake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya njiani kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mimi nasema mpeleke mtoto. Afundishwe mafundo na kusaidia jirani. Lakini akikua, mkalishe chini umsimulie na habari za Uwini. Skafu aivae akijua ilikotoka.