Fundi aliyekuwa mwaminifu katika jino la gurudumu

Somo: Kutoka 31:1-5, Luka 16:10

Biblia inapomtaja kwa mara ya kwanza mtu aliyejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono, haimtaji nabii wala mfalme. Inamtaja Bezaleli, fundi. Mungu alimpa hekima ya kufua shaba, kuchonga mbao na kukata vito. Leo tumtazame fundi mwingine aliyefanya kazi kwa mbao, shaba na vito, ambaye kazi yake iliokoa maisha ya watu wasiohesabika baharini. Jina lake ni John Harrison.

Harrison alizaliwa mwaka 1693 katika kijiji cha Foulby, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa seremala. Akiwa bado mtoto, familia ilihamia kijiji cha Barrow karibu na mto Humber, na huko alijifunza randa na patasi. Alipenda muziki, akaongoza kwaya ya kanisa kijijini. Hakupata elimu ya juu. Kasisi mmoja alipomwazima kitabu cha mihadhara ya sayansi kilichoandikwa kwa mkono, kijana huyu alikinakili chote, pamoja na michoro yake.

Mwaka 1713, akiwa na miaka 20, alikamilisha saa yake ya kwanza, na magurudumu yake yalikuwa ya mbao. Baadaye alitengeneza saa ya mnara huko Brocklesby, akatumia mti mgumu wenye mafuta yake ya asili, hivyo saa ile haikuhitaji kutiwa mafuta. Inaendelea kufanya kazi hadi leo.

Wakati huo mabaharia walikuwa wakifa kwa kutojua walipo. Nahodha aliweza kupima jua akajua yuko umbali gani kaskazini au kusini, lakini hakuwa na njia ya uhakika ya kujua yuko wapi kati ya mashariki na magharibi. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, na zaidi ya watu 1,000 wakazama. Mwaka 1714 Bunge likaahidi pauni 20,000 kwa atakayeweza kuonyesha mahali pa meli bila kukosea zaidi ya nusu digrii.

Jibu lilikuwa katika saa. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa moja. Ndiyo maana majira ya Afrika Mashariki yako mbele ya yale ya Greenwich kwa saa 3. Nahodha akibeba saa inayoonyesha majira ya bandari aliyotoka, akalinganisha na adhuhuri ya pale alipo baharini, atajua amesafiri umbali gani. Lakini saa ikikosea dakika 2 tu kwa safari nzima, nusu digrii imekwisha. Kwa safari ya wiki sita, kosa linaloruhusiwa ni kama sekunde 3 kwa siku. Saa nyingi za kubeba za zama zile zilikosea zaidi ya hapo, hata zikiwa zimetulia mezani, sembuse katika meli inayoyumba, yenye baridi leo na joto kesho.

Sasa fikiria kazi ya fundi. Kila gurudumu hukatwa meno, na kila jino hulainishwa kwa tupa hadi yote yalingane. Ekseli nyembamba hukerezwa kwa kerezo dogo lililozungushwa kwa mkono. Jino moja likizidi wenzake kwa kiasi cha unywele, saa itasita kila jino hilo likipita. Kosa hilo huwezi kuliona kwa nje. Linafichwa na kifuniko kizuri, na litajulikana siku meli itakapofika kwenye miamba.

Harrison alimaliza saa yake ya kwanza ya baharini mwaka 1735. Ilikuwa na uzito wa kilo 34 hivi. Mwaka uliofuata ilisafirishwa hadi Lisbon, na katika kurudi Harrison aliwaonyesha mabaharia kwamba nchi waliyoiona mbele yao siyo ile waliyodhani. Alikuwa sahihi. Wengine wangedai tuzo hapo hapo. Yeye alikwenda mbele ya Bodi ya Longitudo akaeleza kasoro za saa yake mwenyewe, akaomba muda atengeneze nyingine. Ya pili nayo aliiacha baada ya kugundua kwamba meli ikigeuka, mwendo wa saa huathirika. Ya tatu ilimchukua miaka 19, nayo haikumridhisha.

Hapo ndipo fundi huyu alipoonyesha unyenyekevu mkubwa. Baada ya kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye mashine kubwa, alikubali kwamba jibu lilikuwa katika kitu kidogo. Saa yake ya nne, iliyokamilika mwaka 1759 akiwa na miaka 66, ilikuwa na upana wa sentimita 13 tu. Ndani yake vipande vya almasi na yakuti viliwekwa mahali penye msuguano. Utepe wa shaba na chuma cha pua ulirekebisha mwendo joto lilipobadilika.

Mwanawe William aliisafirisha hadi Jamaika mwishoni mwa mwaka 1761. Baada ya siku 81, kwa hesabu ya mwendo wake uliokwisha kujulikana, ilikuwa imekosea sekunde 5 tu.

Je, alilipwa? Bodi ilisema huenda ni bahati. Ikafanyika safari ya pili, kwenda Barbados, mwaka 1764, na saa ikashinda tena. Ndipo masharti yakaongezwa: aifungue mbele ya wataalamu, aeleze kila kipande, akabidhi saa zake zote, na atengeneze nyingine. Alipewa nusu ya fedha. Mmoja wa waliompinga alikuwa Nevil Maskelyne, mnajimu wa mfalme, naye alikuwa kasisi. Maskelyne aliamini njia ya kupima mwezi na nyota, njia ambayo nayo iliwasaidia mabaharia wengi. Lakini si rahisi mtu kuwa mwamuzi wa haki katika shindano ambalo njia yake mwenyewe imo. Tunaokaa kwenye mabaraza ya wazee na kamati za kanisa tulitafakari hilo.

Harrison naye hakuwa malaika. Aliandika kwa uchungu na kuwashuku wengi. Lakini uchungu haukumfanya alegeze mkono. Akiwa mzee alitengeneza saa ya tano, na Mfalme George III aliipima mwenyewe mwaka 1772 na kuridhika. Mwaka 1773 Bunge lilimpa pauni 8,750, akiwa na miaka 80. Alifariki mwaka 1776, siku aliyotimiza miaka 83. Mwaka uliotangulia, Nahodha Cook alikuwa amerudi kutoka safari ya miaka mitatu, akiisifu nakala ya ile saa ya nne.

Ndugu yangu, Bwana Yesu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu pia katika kubwa. Je, jino lako la gurudumu ni lipi? Huenda ni nondo unayoifunga kabla zege halijamwagwa, dozi unayoipima zamu ya usiku, au sadaka unayoihesabu mkiwa wawili tu. Mkaguzi hatafika huko. Lakini kuna abiria watakaotegemea kazi hiyo, na wengi wao hutawajua kamwe. Na usingoje kulipwa haki yako yote ndipo uanze kuwa mwaminifu. Harrison angengoja, mabaharia wangeendelea kuzama.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemjaza Bezaleli hekima, ibariki mikono yetu kesho Jumatatu. Tupe ujasiri wa kutaja kasoro za kazi yetu kabla hazijamdhuru mtu, na utufanye wepesi wa kumpa kila mfanyakazi haki yake angali hai. Amina.