Imam Ghazali na Shaka Iliyompata

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa wako watu wadhanio kwamba maulamaa wakubwa hawakupata kuguswa na shaka hata siku moja. Kwa sababu hiyo kijana akijiwa na swali juu ya kuwapo kwa Mola wake huona haya kulitoa, akalificha likamla moyoni. Basi tumeona vema kueleza habari za Imam Abu Hamid al-Ghazali, Mungu amrehemu, ambaye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafii.

Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani, mwaka 450 wa Hijra (1058). Akasoma Nishapur kwa Imam al-Juwayni, na mwaka 484 (1091) waziri Nizam al-Mulk akampa kiti cha kusomesha katika Nizamiya ya Baghdad, wanafunzi 300 wakimsikiliza.

Habari ya shaka yake aliieleza mwenyewe katika al-Munqidh min al-Dalal. Aliona watoto wa Manasara hukua Manasara, wa Mayahudi hukua Mayahudi, na wa Waislamu Waislamu. Akajiuliza ni lipi tulijualo kwa yakini, si kwa kuwafuata wazee tu. Akaanza na macho. Jicho huona kivuli kimesimama, na baada ya saa hujulikana kuwa kilikuwa kikienda kidogo kidogo. Huona nyota kadiri ya dinari, na hesabu za falaki zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Basi akakimbilia akili, ijuayo ya kuwa kumi ni zaidi ya tatu. Hapo likamjia swali zito zaidi: ikiwa akili imekuja ikayakadhibisha macho, ni nani ajuaye kuwa hapana hakimu mwingine nyuma yake, ambaye akidhihiri ataikadhibisha na hiyo akili? Kwani mtu usingizini huona mambo akayasadiki, hata aamkapo akajua hayakuwa na asili.

Swali hili hakuweza kuliondoa kwa dalili, maana kila dalili hujengwa juu ya maarifa ya kwanza, na hayo ndiyo yaliyotiwa shaka. Akakaa hivyo karibu na miezi miwili, ulimi wake ukikiri kama ndimi za watu, na moyo hauna pa kushika. Alipopona hakudai kuwa ni kwa hoja aliyoipanga, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Mwenye kupenda sifa angalisema vingine.

Walakini mtu asidhani kuwa aliitupa akili. Katika al-Iqtisad aliipanga dalili hivi: kila chenye mwanzo hakina budi kuwa na sababu, ulimwengu una mwanzo, basi una sababu. Wanafalsafa kama Ibn Sina walisema ulimwengu ni kadimu, hauna mwanzo. Ghazali akasoma vitabu vyao katika nafasi alizopata baada ya darsa, muda usiotimia miaka miwili, na mwaka 488 (1095) akatoa Tahafut al-Falasifa, yenye masuala 20, kuonyesha kuwa waliyoyaita burhani hayakufika kuwa burhani. Ibn Rushd wa Andalusi alikuja kumjibu kwa ukali, na mwenye insafu huwasoma wote wawili.

Mwaka ule ule akajiona kuwa asomesha kwa kutaka jaha. Ulimi ukafunga, chakula kikawa hakipiti, matabibu wakakata tamaa. Akagawa mali yake, akatoka Baghdad, akakaa Dameski na Kudsi, akahiji, kisha akarejea kwao. Mwaka 499 (1106) alirudi kusomesha Nishapur, naye alipokwisha kupita miaka hamsini ndipo alipoiandika habari ya ile miezi miwili, asiifiche. Akafa Tus, tarehe 14 Jumada al-Akhir 505 (18 Desemba 1111).