Faraday, Fundi Asiye na Digrii

Wanachuo wenzangu, ukienda likizo Mbulu au Katesh ukamkuta kijana juu ya ngazi anafunga wayaringi, usimpite kama hujamwona. Kazi ile ina babu yake, na babu huyo hakuwahi kusoma chuo kikuu.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, pembezoni mwa London. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mtu wa kuugua mara kwa mara, na nyumbani maisha yalikuwa ya kubahatisha. Shuleni aliambulia kusoma, kuandika na hesabu za kawaida, basi. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kujalidi vitabu kwa bwana mmoja aitwaye Riebau, akakaa naye miaka 7. Vitabu alivyoletewa kujalidi alivisoma pia, na humo ndimo alimokutana na umeme na kemia.

Mwaka 1812 mteja wa duka alimpa tiketi za mihadhara ya Humphry Davy, mkemia aliyekuwa anatamba wakati huo. Faraday aliandika notsi, akachora na michoro, akazijalidi vizuri, kisha akampelekea Davy mwenyewe akiomba kazi. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution.

Usidhani mambo yalinyooka. Kwenye safari ya Ulaya ya 1813 hadi 1815, mke wa Davy alimfanya kama mtumishi wa ndani, nusura aache kazi. Mwaka 1823 alipopendekezwa kuingia Royal Society, aliyempinga ni Davy huyohuyo. Akachaguliwa hivyohivyo, akaendelea na kazi yake.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya wa shaba pande mbili zisizogusana. Upande mmoja akaunga betri, wa pili kifaa cha kuonyesha umeme. Mshale ulicheza pale tu alipounga au kukata betri; umeme ukitulia, na mshale unatulia. Kumbe umeme unaobadilika huzaa umeme mwingine bila waya kugusana! Transfoma unayoiona kwenye nguzo Dongobesh au Haydom ni ile pete, imekuzwa tu: inapokea maelfu ya volti, inashusha hadi 230 za kuwashia taa. Miezi michache baadaye akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku, umeme ukatoka mfululizo. Hapo ndipo jenereta ilipoanzia.

Hesabu ngumu hakuziweza. Ni James Clerk Maxwell aliyekuja kuyaweka mawazo yake katika milinganyo, ileile inayotutoa jasho darasani. Faraday alikataa cheo cha heshima cha Malkia, akafariki tarehe 25 Agosti 1867.

Sasa tujiulize. Hanang kuna mafundi wanaojua umeme kwa mikono lakini kupata leseni ya EWURA kunawatisha. Hapa chuoni kuna wahandisi watarajiwa wanaoijua milinganyo lakini soketi hawajawahi kufunga. Kila mmoja ana nusu, na kila mmoja anamdharau mwenzake. Likizo hii mpelekee yule fundi vitabu vyako vya mwaka wa kwanza, msome pamoja. Naye akufundishe kuzima swichi kuu, kupima kwa testa, na kufunga ethi isiyoua mtu.