David Livingstone: Wino, Nakala na Taswira ya Pili

Mwezi Januari 1872 msafara mmoja ulipita katika misitu ya Ukawendi, nchi ambayo sehemu yake leo imo katika Mkoa wa Katavi. Miongoni mwa wasafiri alikuwamo David Livingstone, tabibu na mmisionari aliyezaliwa Blantyre, Uskoti, tarehe 19 Machi 1813. Alikuwa akitoka Ujiji kwenda Unyanyembe pamoja na Henry Morton Stanley, huku akisumbuliwa na vidonda vya miguu.

Mwaka uliotangulia, alipokuwa Manyema, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, Livingstone aliishiwa na karatasi na wino. Hivyo aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la Standard la tarehe 24 Novemba 1869, kwa rangi ya mbegu za mmea aliyoitaja kwa jina la Kiswahili, zingefuri. Kwa wino huo alieleza mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, ambapo watu wa wafanyabiashara kutoka pwani waliwaua mamia ya wenyeji, wengi wao wanawake.

Stanley alipoondoka Unyanyembe tarehe 14 Machi 1872, alichukua daftari ambamo Livingstone alikuwa amenakili habari hizo. Livingstone mwenyewe alirudi kusini-magharibi, akafika tena Tanganyika tarehe 8 Oktoba, na kufariki kijijini kwa Chitambo mwezi Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao waliusafirisha mwili wake pamoja na karatasi zake hadi pwani. Kitabu alichokihariri Horace Waller mwaka 1874 kiliifuata nakala ya daftari. Kwa takriban miaka 140, nakala hiyo ndiyo iliyosimama mahali pa shajara, kwa sababu zingefuri ilikuwa imefifia na kumezwa na herufi za gazeti.

Mwaka 2010 na 2011, wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha kurasa hizo kwa mianga mbalimbali. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa wa kikemia. Wino wa kuchapia, wenye masizi, hufyonza mwanga wa aina zote. Rangi ya mmea hufyonza zaidi mwanga wa buluu na hutoweka katika mwanga wa infraredi. Kompyuta ililinganisha picha hizo mbili, ikafifisha chapa na kuudhihirisha mwandiko. Taswira iliyopatikana haikuwa picha ya ukurasa kama jicho liuonavyo, bali ni taswira ya pili iliyozaliwa na picha nyingine, na rangi zake zilichaguliwa na wataalamu.

Hata hivyo, taswira hiyo ilikuwa karibu zaidi na mkono wa mwandishi kuliko daftari lililonakiliwa. Ilibainisha kwamba Livingstone alikuwa na mashaka mazito juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, mashaka ambayo nakala iliyapunguza. Kwa hiyo, wasifu wake haukuweza tena kutegemea daftari peke yake. Aidha, ilidhihirika kwamba thamani ya ushahidi haipimwi kwa kuwa wa kwanza au wa pili tu, bali kwa kujulikana bayana ni nani aliyeutengeneza, kwa njia gani, na ni kitu gani kilichofifishwa ili kingine kionekane.