Erasmus na Njia ya Wanafunzi

Kutafuta elimu ni safari, na akili pekee haimfikishi msafiri. Huhitaji nauli, huhitaji mlango ulio wazi, na huhitaji wenyeji watakaoithamini elimu aliyoipata ugenini. Hayo yote yamo katika maisha ya Desiderius Erasmus, mwanachuoni wa Uholanzi aliyezaliwa Rotterdam yapata mwaka 1466.

Erasmus alizaliwa mnyonge. Baba yake alikuwa kasisi, ambaye kwa sheria ya kanisa hakuruhusiwa kuoa. Tauni ikamwacha yatima angali kijana, na walezi wake wakamsukuma kuingia utawani. Mwaka 1495 askofu aliyekuwa akimtumikia alimruhusu kwenda kusoma Paris, lakini fedha alizoahidiwa hazikutosha. Bwenini alikula chakula kibovu, akaugua, na ikambidi awafundishe vijana wa matajiri apate riziki.

Mmoja wa vijana hao alimchukua Uingereza mwaka 1499, na huko akafanya urafiki na Thomas More. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1500, alipokuwa akirejea Paris, maofisa wa forodha wa bandari ya Dover walimnyang'anya karibu fedha zake zote, kwa kuwa sheria ilikataza fedha kutolewa nchini. Akafika Paris mikono mitupu. Mwaka huo huo akachapisha kitabu cha methali za Wayunani na Warumi wa kale, na ndicho kilichoanza kumpa sifa.

Tangu hapo hakutulia mahali pamoja. Mwaka 1506 alipata udaktari wa elimu ya dini Torino, nchini Italia. Mwaka 1508 alikuwa Venezia, akikikuza kitabu chake kikapita methali 3,000. Kuanzia 1511 hadi 1514 alifundisha Cambridge. Mwaka 1517 alisaidia kuanzishwa kwa chuo cha lugha tatu, Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, huko Louvain. Kote huko alieleweka, kwani wasomi wa Ulaya wote walitumia Kilatini. Hata hivyo, safari zake nyingi zilitegemea hisani ya wakubwa, na baadhi ya barua zake ni za mtu anayeomba.

Alifariki Basel, Uswisi, mwezi wa Julai 1536. Katika wasia wake aliagiza mali yake isaidie maskini, wazee, wasichana wasio na mahari na vijana wenye vipaji vya kusoma. Mtu aliyeteswa na ukosefu wa ada aliacha mfano wa wakfu kwa ajili ya wanafunzi.

Miaka 451 baadaye, mwezi wa Juni 1987, Jumuiya ya Ulaya, iliyokuwa na nchi 12, ilipitisha mpango wa kubadilishana wanafunzi wa vyuo vikuu, ukapewa jina la Erasmus. Mwanafunzi hupewa posho, husoma muda fulani katika nchi nyingine, na chuo chake huyatambua masomo hayo arudipo. Mwaka wa kwanza walisafiri zaidi ya wanafunzi 3,000; leo wamekwisha kuwa mamilioni. Hisani ya tajiri mmoja ikageuzwa kuwa haki iliyoandikwa.

Lakini haki hiyo nayo huweza kuzuiliwa. Mwaka 2014, wapiga kura wa Uswisi walipokubali kuwawekea wahamiaji kikomo, Umoja wa Ulaya uliusimamisha ushiriki wa nchi hiyo katika mpango. Hivyo nchi yenye kaburi la Erasmus ikajikuta nje ya mpango wenye jina lake, na waliopata hasara ni wanafunzi wasiokuwa na neno katika ugomvi huo.

Hapa pana funzo kwa kila mwenye dhamana. Njia ya mwanafunzi hufunguliwa kwa saini, na kwa saini hufungwa. Wahenga wetu wa visiwani walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayemfungia mlango mwanafunzi wa mwenzake hana budi akumbuke kwamba wake mwenyewe naye yuko njiani.